Mpiga Ngoma na Vidonge vya Mgongo

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hilo silifichi. Mke wangu husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kwa hivyo nikisema kwamba kuna wakati, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilikaa Kawangware miezi minne mizima bila kugombana na mtu, mjue kulikuwa na kitu. Kilikuwa kidonge cheupe, cha mviringo, chenye mstari katikati. Na nilikipata kwa njia halali, kwa daktari, na karatasi yenye muhuri.

Nilikuwa seremala. Kibanda changu kilikuwa cha mabati, kando ya barabara, na nilitengeneza vitanda, meza na makabati. Tulipanga chumba kimoja kwenye ploti ya mama mmoja Mkikuyu, mjane, ambaye jamaa zake walikuwa na ardhi ile tangu Nairobi ikiwa mbali. Wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yao, hata wale waliomzidi umri. Yeye alikuwa wa kanisa la kukaa kwenye benchi na kuimba kwa kitabu. Sisi tuliotoka Magharibi mwa Kenya, mimi na mke wangu na wengi wa majirani, tulikuwa wa kanisa la kanzu nyeupe, bendera na ngoma. Kila Jumapili asubuhi tulijipanga mistari miwili Kawangware, tukaandamana tukiimba, tukavuka Ngong Road hadi Kianda, Kibera, ambako kanisa letu la mabati lilikuwa. Mpiga ngoma alikuwa mimi.

Mtu ambaye hajaandamana hajui kazi ya ngoma. Anafikiri ni mapambo. Ngoma ndiyo miguu ya watu wote. Ukiharakisha, akina mama wenye watoto mgongoni wanaanza kukimbia. Ukichelewa, mstari unakunjana kama kitambaa na wa nyuma wanakanyaga kanzu za wa mbele. Mimi nilikuwa na mkono, wacha niseme ukweli, na nilijivuna. Mbele yangu alitembea mbeba bendera, rafiki yangu mkubwa, fundi viatu aliyekaa ploti ya pili kutoka yetu. Huyu bwana alikuwa na ugonjwa wa kifafa tangu utotoni, lakini alikuwa akimeza dawa zake za hospitali kila siku, na kwa miaka yote niliyomjua mjini hakuwa ameanguka. Wengi kanisani hawakujua hata kwamba anaumwa.

Mgongo wangu uliharibika kwenye mtaa wa Ayany, Kibera. Mwalimu mmoja aliagiza kabati la milango mitatu, nikalipeleka kwa mkokoteni, na tulipofika mlangoni kijana wa mkokoteni akasema yeye kazi yake inaishia chini. Hapo ndipo kichwa changu kilipoingia kazini. Badala ya kutafuta mtu, nililiinua kabati peke yangu nikapanda nalo ngazi, ili kijana aone wanaume wanafanyaje. Ngazi ya sita, kitu kikanishika kiunoni kama koleo. Niliteremshwa nimekunjika, na kijana yule yule ndiye aliyenirudisha nyumbani juu ya mkokoteni, nikiangalia mawingu. Alikuwa mtu mzuri, hakunicheka mpaka tulipofika.

Siku mbili sikuweza kuvaa viatu mwenyewe. Mke wangu alinipeleka kliniki, na daktari, mama wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, akanibonyeza mgongo, akaandika. Akaniambia misuli imekaza na hii ni dawa ya kuilegeza. Kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku kumi. Akasema zinaleta usingizi, kwa hivyo nisiguse msumeno. Nisizichanganye na pombe. Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyeokoka kwamba pombe dini yetu inakataza. Akasema, "Vizuri. Na zikiisha usinunue zingine. Mwili unazizoea. Rudi hapa nikuone." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyomwitikia daktari sisi sote, na nikitoka mlangoni nilikuwa nimebaki na neno moja tu, dawa.

Jamani, kidonge kile. Nilimeza cha kwanza saa nne asubuhi, na kufika saa tano mgongo ulikuwa umelegea polepole kama fundo la kamba iliyoloweshwa. Sio mgongo peke yake. Shingo ililegea, taya zililegea, na ile hasira yangu ambayo hukaa hapa kifuani ikisubiri mtu akosee, nayo ikalala. Mke wangu alikuja kunisomesha juu ya kabati la Ayany. Alikuwa amejiandaa, mikono kiunoni. Nikamwambia, "Ni kweli, mama, nilikosea." Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Siku kumi ziliisha na mgongo ulikuwa umepona. Hapa ndipo ningefaa kusimama, na sikusimama. Asubuhi ya kumi na moja niliamka na hasira zangu zote, zimerudi na jamaa zao. Jua lilikuwa kali mno, wateja walikuwa wajinga, mikono ilikuwa inawasha ndani ambako huwezi kujikuna. Nikajiambia, mgongo huu bado. Kulikuwa na mtu Kianda, karibu na kanisa letu, aliyeuza vidonge vya kila aina kutoka kwenye mkebe wa majani ya chai. Watu walisema aliwahi kufagia katika zahanati mahali fulani, na kwetu hiyo ilikuwa elimu ya kutosha. Nilimwonyesha pakiti tupu. Akaitazama, akachimba mkebe, akanitolea vile vile, vyenye mstari katikati. Hakuniuliza karatasi wala nini.

Basi nikawa mteja. Vitatu kwa siku vikawa vinne, kwa sababu vitatu vilikuwa vimeacha kunisikia. Vinne vikawa sita. Kila nilipoongeza nilikuwa na maelezo: leo kuna baridi, leo nimeinua mbao, leo nimesumbuliwa na mwenye deni. Kulewa sikujua kwamba nimelewa. Kwetu mlevi ni mtu anayenuka busaa na kuimba njiani, na mimi nilikuwa nanuka maranda ya mbao na kuimba kanisani.

Kazi ndiyo iliyonisema kwanza. Nilimtengenezea mama mmoja wa Kibera kitanda, na alipokilalia kikamwelekeza kichwa chini, kwa sababu miguu ya upande mmoja nilikuwa nimeikata mifupi kwa upana wa vidole viwili. Alirudi nacho juu ya mkokoteni, na wote barabarani wakajua. Zamani ningemwambia sakafu yake ndiyo mbaya. Sasa nilitabasamu, nikamwambia pole, nikalala juu ya kitanda hicho hicho mpaka saa kumi.

Halafu ngoma. Mimi nilisikia ninapiga sawasawa, tena vizuri kuliko zamani, kila pigo linaingia mahali pake na kupumzika. Kumbe lilikuwa linapumzika mno. Tulikuwa tukifika Kianda saa tatu na nusu. Tukaanza kufika saa nne, saa nne na robo. Watoto walikuwa wanakaa chini njiani kutusubiri. Jumapili moja mzee wetu wa kanisa, mtu mpole wa ndevu nyeupe ambaye hakupenda kumwaibisha mtu, alirudi nyuma kutoka mbele ya mstari, akatembea nami kidogo, akaniuliza kwa upole, "Fundi, leo tunamzika nani?"

Shosho naye hakuwa na upole huo. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni pake akichambua njegere, na hakuna kitu kilichopita ploti ile asikione. Siku moja nilisimama kumsalimia, ulimi ukaniteleza, salamu ikatoka nusu. Akaweka sufuria chini.

"Fundi," akasema, "mgongo wako uko mdomoni siku hizi?"

Nikamwambia ni dawa tu, dawa ya hospitali.

"Kanisa lenu linakataza busaa," akasema, "na wewe unaimeza ikiwa imekauka. Ni hiyo tofauti tu."

Siku nyingine ningetafuta jibu kali, na Shosho angefurahi, kwa sababu alipenda mabishano kama mimi. Nilimcheka tu kipole nikaingia ndani. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba siku ile Shosho alimwita pembeni akamwambia, nirudishie yule mpangaji wangu mbaya, huyu mzuri ananitia hofu. Wanawake hao wawili, mmoja wa benchi na mmoja wa ngoma, wakaanza kuniombea pamoja kila jioni, na mimi sikujua.

Sasa sikilizeni jinsi maombi yalivyojibiwa. Alhamisi moja nilikwenda Kianda, nikakuta mahali pa mtu wa mkebe pana mama anauza sukuma wiki. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walikuwa wamepita, yeye akakimbia, na hakuna aliyejua ameelekea wapi. Nilikuwa nimebaki na kidonge kimoja. Ijumaa sikuwa na kitu. Nililala sijalala. Jumamosi jasho lilikuwa linanitoka nikiwa nimekaa tu, misuli ya mapaja inaruka yenyewe chini ya ngozi, na mlango ukibishwa moyo unataka kutoka. Sikumwambia mtu kwamba vidonge vimekosekana. Nilisema nina malaria kidogo.

Jumapili nikabeba ngoma hivyo hivyo. Siku hiyo tulifika Kianda saa tatu kasoro, wazee wamelowa jasho, akina mama wanahema, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inakimbia na sikuweza kuizuia. Ndani ya kanisa, katikati ya wimbo, mikono ikaacha ngoma kabisa ikaanza kutetemeka hewani. Mabega yakafuata. Meno yakagongana. Nilifikiri, basi, leo ninaaibika mbele ya watu.

Mtu wa kanisa lingine angeomba gari la wagonjwa. Lakini kwetu kutetemeka ndiko kunakongojewa. Wengine wamengoja miaka. Vigelegele vilipasuka, mzee akaja na maji ya baraka, watu wakanizunguka wakisema Roho amemshukia fundi. Na mke wangu, ambaye hapendi kusimama mbele ya watu, akasimama analia. "Miezi minne mume wangu anameza vidonge," akasema. "Vimemfanya mtu nisiyemjua. Tangu Ijumaa hajameza hata kimoja, nimehesabu. Bwana amemtoa mwenyewe." Alikuwa anaamini kila neno. Hakujua habari ya mama wa sukuma wiki.

Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa na mdomo. Lakini mtu aliyekuwa akichekwa kwa kitanda cha miguu mifupi, ghafla anaitwa mtakatifu, wazee wanamshika mkono kwa heshima, kwa kweli inaingia. Mzee akatangaza kwamba Jumapili ijayo nitawekewa mikono na kufungwa mshipi wa kijani, niwe mwonaji. Nilifurahi. Niliona uchungu kidogo tu, kwa sababu mwonaji hapigi ngoma.

Jumatatu, katika koti langu la kazi, nilipata vidonge vitano vilivyokuwa vimepenya tundu la mfuko. Nikavitazama kama mtu aliyekuta watoto wake waliopotea. Nilimeza kimoja kila siku, nyuma ya kibanda, nikiinama kana kwamba ninatafuta msumari. Nikitoka huko nyuma, watu wanapita wananiamkia, "Bwana asifiwe, fundi," na mimi najibu, "Asifiwe sana."

Jumatano yule rafiki yangu, mbeba bendera, alikuja kibandani. Alikaa juu ya gogo, akaniambia amekuwa akifikiria. Akasema, "Mimi nimemeza dawa tangu nikiwa mtoto. Nilidhani nitakufa nazo. Lakini nimekuona. Kama wewe umetolewa, hata mimi naweza kutolewa." Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tena, ile furaha ya mtu aliyelipa deni la miaka. Akasema Jumapili atashuhudia mbele ya watu kwamba ameacha.

Nilijua. Hata na kichwa hiki changu, nilijua kifafa si mgongo. Nilipokuwa mdogo nilimwona jirani yetu ameangukia moto wa jikoni. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Mungu ni mwema." Akanipa mkono akaenda zake. Nikarudi nyuma ya kibanda nikameza kidonge cha siku hiyo.

Ijumaa jioni Shosho alinikamata mlangoni. Rafiki yangu alikuwa amemwambia naye kwamba anaacha dawa, kwa sababu alikuwa anamwambia kila mtu. Shosho hakupiga kelele. Aliniambia niingie, nikae, nitoe kilicho mfukoni. Sijui alijuaje. Nikatoa kidonge kimoja kilichobaki, cha siku hiyo, ambacho sikuwa nimekimeza bado, nikakiweka juu ya kitambaa chake cha meza. Tukakitazama wote wawili.

"Huyu kijana akianguka Ngong Road mbele ya gari," akasema, "utapiga ngoma gani kwa mazishi yake?"

Nikamwambia nitasema Jumapili. Akasema sawa. Kisha akanirudishia kile kidonge, akasema nikimeze kesho, kwa sababu anataka nifike Jumapili nikiwa na nguvu za kusimama. Niliona aibu, nadhani hakuna aibu nyingine niliyowahi kuona inayoishinda ile. Sikulia pale, nilingoja mpaka nilipotoka.

Katika kanisa letu hakuna anayewekewa mikono bila kuungama kwanza. Mnapiga magoti nje, viatu vimevuliwa, mzee anauliza kila mtu kama ana neno. Watu huwa na maneno madogo: nilimtukana jirani, nilisahau kufunga. Jumapili ile nilipiga magoti natetemeka tena, jasho linatiririka, na nyuma yangu nasikia watu wanasema kwa furaha, ameanza, ameanza. Mshipi wa kijani ulikuwa umekunjwa juu ya mkono wa mzee.

"Una neno, fundi?"

"Ninalo, mzee," nikasema, na nikalisema lote kwa sauti. Mtu wa mkebe. Vidonge sita kwa siku. Askari wa kanjo. Vile vitano vya kwenye koti na pale nilipovimezea. Nikasema huku kutetemeka si Roho, ni mwili unadai vidonge, daktari alinionya na sikusikia. Halafu nikageuka, nikamtafuta rafiki yangu aliyeshika bendera, nikamwambia, "Ndugu yangu, sikutolewa na mtu. Niliishiwa. Usiache dawa zako kwa sababu yangu."

Mke wangu alikuwa ananitazama, na kwa macho yale nilijua nyumbani kuna mkutano. Lakini rafiki yangu alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Mzee ndiye aliyemwuliza dawa ziko wapi.

"Nilizitupa mtoni," akasema.

"Lini?"

"Jumatano. Nilipotoka kwake."

Alitaka afike siku ya ushuhuda akiwa ameshaacha. Siku nne. Na asubuhi hiyo alikuwa ametembea kutoka Kawangware amebeba mti wa bendera, amevuka barabara. Mzee hakunitazama hata kidogo. Aliuweka mshipi wa kijani mfukoni, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Vaeni viatu. Tunageuka. Tunakwenda hospitali."

Mtu mmoja akauliza, na ibada je? Mzee akasema ibada itatusubiri, haina miguu.

Mimi sikuweza kushika ngoma, mikono haikuwa yangu. Mke wangu akanivua mkanda wa ngoma shingoni, akajivika. Hakuwa amewahi kupiga. Alipiga kwa hasira zote alizokuwa nazo juu yangu, na niamini, hatujawahi kuandamana kwa kasi namna ile. Rafiki yangu tulimweka katikati, wanaume wawili kila upande, na bendera akabebewa na wengine. Watu wa Kianda walitoka milangoni kuangalia kanisa linalotoka kanisani likikimbia.

Hospitali ya serikali kulikuwa na askari langoni. Alipoona kanzu, bendera na ngoma, akainua mkono. "Maombi ni Jumatano," akasema.

Mzee wetu, ndevu zimelowa jasho, akamwambia, "Hatukuja kuomba. Tumekuja kuchukua dawa."

Sista wa zamu, muuguzi aliyetupokea, alikuwa mama wa makamo, mnene, asiyeshangaa. Alimsikiliza rafiki yangu, akamwita daktari, na dawa ikapatikana. Wakamkalisha kwenye benchi, akapewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Alipomeza, kanisa zima lilikuwa limejazana dirishani, na mama mmoja akapiga kigelegele kwa mazoea. Sista akamkazia macho akanyamaza. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unatetemeka nini?"

Nikaeleza kwa mara ya pili siku hiyo, na kwa daktari mara ya tatu. Daktari kijana aliniambia kitu ambacho sikukijua: kwamba kukata vidonge ghafla, vikiwa vingi na vya muda mrefu, kunaweza hata kuleta degedege, na mimi mwenyewe ningeweza kuanguka pale kwenye ngoma. Nilipelekwa wodini siku mbili. Nikatoka na karatasi ya kupunguza polepole, robo kwa robo, kwa wiki nyingi, na niende kuonekana kila baada ya wiki mbili. Safari hii nilirudia maneno yake yote kabla sijatoka mlangoni, kama mtoto wa shule.

Vidonge alivikalia Shosho. Vilikaa kabatini mwake, nilimtengenezea mimi kabati hilo, na ufunguo aliufunga kwenye kona ya leso. Kila asubuhi alikata cha siku kwa wembe juu ya sahani, akivaa miwani, akilalamika kwamba kanisa la ngoma limemgeuza mfamasia. Kwa siku kadhaa hasira zilirudi mbaya, nikagombana naye juu ya maji, juu ya kuku, juu ya nani alianza kuja Kawangware. Alifurahi sana. Alikuwa akimwita mke wangu aje asikilize.

Ngoma nilinyang'anywa mpaka nimalize, na hilo lilikuwa haki. Nilitembea nyuma kabisa na wazee wasioona vizuri. Mke wangu aliendelea kupiga, na ukweli ni kwamba alizidi kuwa hodari, jambo ambalo lilinisumbua kuliko mgongo.

Rafiki yangu hakusema nami kwa wiki tatu. Alipita kibandani anaangalia upande wa pili. Halafu asubuhi moja nikiwa nimekaa kwa Shosho nangoja robo yangu, akaingia, akavuta kigoda, akatoa pakiti yake mfukoni. "Nataka unione nikimeza," akasema. "Siku ile ulinitazama nikienda kuzitupa, sasa utanitazama nikizimeza." Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia pia samahani, na akasema ameshasikia, mbele ya watu, hahitaji kusikia tena. Tukameza pamoja, mimi changu kilichokatwa, yeye chake kizima, na Shosho akatumiminia chai.

Ikawa hivyo kila siku. Changu kilipungua mpaka kikawa punje ya kwenye ncha ya wembe, na asubuhi moja sahani ikawa tupu. Mimi nilikuwa nimemaliza, naye hatamaliza maisha yake yote. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Kesho yake nikaamka kama kawaida, nikaenda, nikakaa kwenye kigoda changu. Rafiki yangu alipoingia akanikuta.

"Wewe umepona," akasema. "Unafuata nini hapa?"

"Chai ya Shosho," nikamwambia.

Alinitazama, akatoa pakiti yake, akameza, akafungua mdomo wazi kama mtoto anionyeshe kwamba kimeshuka. Nilikwenda kila asubuhi mpaka mwaka tulipohama Kawangware, na katika muda huo wote hakuanguka hata mara moja.